Nafasi Iliyo Mbele ya Gari Lako

Ni saa kumi na moja na nusu jioni, Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, magari yanatambaa kutoka Mwenge kwenda Tegeta. Umesubiri, umesogea, umesubiri tena. Mara gari dogo linakuja kwa kushoto kwenye vumbi. Limetanua kuanzia huko nyuma, na sasa liko ubavuni mwako likichomekea kati yako na gari la mbele. Dereva wake hajaomba, hata kukutazama hajakutazama. Mkono wako tayari uko kwenye honi.

Kabla hujaibonyeza, piga hesabu ya alichokuchukulia. Ni urefu wa gari moja, mita nne na kitu, tano ukijumlisha upenyo. Taa zikiwaka kijani, magari yaliyopanga foleni huondoka kwa kuachana sekunde mbili hivi. Basi huyo bwana amekuchelewesha sekunde mbili. Inauma kama umeibiwa kwa sababu tangu ulipoketi nyuma ya usukani umekuwa ukikihesabu kile kipande cha lami kilicho mbele ya boneti kuwa ni chako, nacho hakina hati wala mpaka. Ukiweza kuacha kukimiliki kipande hicho umemaliza zaidi ya nusu ya kazi, na karibu mwongozo huu wote unahusu namna ya kukiachia.

Sisemi kwamba anayetanua ana haki. Hana. Anavunja sheria, anawatimulia vumbi wauza matunda, na iko siku atamgonga mtu anayesubiri daladala kando ya barabara. Lakini kumwadhibu ni kazi ya trafiki. Yako wewe ni kufika.

Kabla ya kuwasha gari

Hasira nyingi za barabarani huanzia nyumbani au ofisini. Umeahidi kufika Posta saa mbili kamili asubuhi ukitokea Kibamba, na hesabu umeipiga kwa safari ile moja ya Jumapili ulipokuta barabara nyeupe. Kwa ahadi ya namna hiyo umeshachelewa kabla hujatoka getini, na kila atakayekuwa mbele yako atakuwa ndiye aliyekuchelewesha. Piga hesabu kwa siku mbaya. Chukua safari iliyokuchosha kuliko zote wiki iliyopita, hiyo ndiyo iwe kipimo chako cha siku za kazi. Ukifika mapema, kunywa chai.

Na tuache ile tabia yetu ya kusema "nipo hapa Ubungo, dakika tano tu" ilhali hata Mbezi Mwisho hatujafika. Uongo huo anaulipia dereva mwenyewe, maana sasa anakimbizana na ahadi ambayo hakuna gari duniani linaloweza kuitimiza. Piga simu kabla hujaondoa gari, sema ukweli: "Naondoka sasa hivi, foleni ni kubwa, nihesabie saa moja na nusu." Anayekusubiri ataguna, lakini utaona jinsi mabega yako yatakavyoshuka.

Kisha kuna mambo madogo ambayo watu huona aibu kuyataja. Nenda msalani kabla ya kuondoka. Kula chochote. Weka chupa ya maji. Usiingie kwenye foleni ya jioni taa ya mafuta ikiwa imeshawaka, kwa sababu kila dakika utakayosimama utakuwa unaitazama hiyo taa badala ya barabara. Kama umefunga, unajua mwenyewe kwamba ile saa moja kabla ya magharibi wakati wa Ramadhani ni ngumu kuliko saa zote: wote wanataka kuwahi futari, wote wana njaa na kiu. Weka tende garini. Adhana ikikukuta Magomeni, fungua swaumu yako hapo hapo kwa tende tatu na maji, uji na maharage ya nazi yatakusubiri nyumbani.

Zipo pia siku ambazo hupaswi kuendesha kabisa. Umegombana na mwenzako, hujalala, umepokea habari mbaya. Siku hiyo kama unakaa njia ya Kimara, liache gari. Mabasi ya mwendokasi yana njia yake tangu mwaka 2016. Utabanwa, pengine utasimama hadi Kivukoni, lakini angalau hasira zako hazitakuwa zimeshika usukani wa zaidi ya tani moja ya chuma.

Hadithi unayojisimulia

Mwanasaikolojia Lee Ross aliandika mwaka 1977 juu ya kosa ambalo sisi sote hulifanya: tukieleza matendo ya wengine tunaitaja tabia yao, na kuisahau hali waliyo nayo. Barabarani kosa hili halina likizo. Ukichomekea wewe, ni kwa sababu mtoto anaumwa, au hukujua kwamba njia inaishia pale. Akichomekea yeye, ni mshenzi, leseni aliinunua. Hadithi ya kwanza ina sababu, ya pili ina matusi tu, ilhali tendo ni lilelile.

Jizoeze kumtafutia mwenzako sababu, na zikiwa za kweli ndiyo bora zaidi. Dereva wa daladala anayekukatia ghafla kushoto kuwahi abiria kituoni ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Kwanza hesabu, kisha mafuta, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Siku ikiwa mbaya hakibaki kitu. Kijana wa bodaboda aliyepita katikati ya vioo viwili na kukivunja chako huenda pikipiki yake ni ya mkataba, na marejesho hayajui mvua wala homa. Maelezo haya hayamfanyi awe sahihi. Bado kioo chako kimevunjika. Yanachofanya ni kumtoa kwenye nafasi ya mtu aliyeamka asubuhi akiwa na nia ya kukudharau wewe binafsi. Huyo mtu hayupo. Hakuoni. Anaona upenyo tu.

Kwa anayesema hasira zake hazizuiliki, kuna jaribio la kuchekesha. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Anthony Doob na Alan Gross, walichapisha walichokiona California. Walisimamisha gari kwenye taa, na taa ilipogeuka kijani halikuondoka. Mara nyingine lilikuwa gari la kifahari linalong'aa, mara nyingine gari kuukuu. Wakahesabu sekunde 12. Nyuma ya gari kuukuu, asilimia 84 ya madereva walipiga honi. Nyuma ya lile la kifahari, asilimia 50. Sisi hatuhitaji kwenda California. Bajaji ikizima mbele yako utaitukana, Land Cruiser V8 yenye vioo vyeusi ikisimama palepale utasubiri, pengine utasema "mheshimiwa labda ana simu." Kumbe breki unazo. Subira unayompa mwenye V8 ndiyo hiyo hiyo mpe na mwenye bajaji.

Acha nafasi, halafu iachilie

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa nitakaa kidogo.

Usikae mgongoni mwa gari la mbele. Tazama linapopita nguzo ya taa, kisha jisemee polepole, sekunde ya kwanza, sekunde ya pili. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza kuitamka ya pili, uko karibu mno. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kisheria maeneo ya makazi, sekunde mbili ni karibu mita 28. Mvua ikinyesha ziwe nne.

Najua jibu lako, kila dereva wa Dar es Salaam analo: ukiacha nafasi, watachomekea. Ni kweli, watachomekea. Waache. Ataingia mmoja, wawili, labda watano kati ya Tazara na Buguruni, na hao watano kwa pamoja wamekula sekunde kumi za maisha yako. Rudi nyuma kidogo, tengeneza nafasi nyingine. Wengine huona hii ni unyonge, kwamba dereva wa kweli lazima abane. Mimi naona anayebana ndiye mtumwa, maana mwendo wake wote, breki zake na mapigo ya moyo wake vinaamuliwa na taa nyekundu za gari la mbele.

Nafasi hiyo ina faida ambayo huioni ukiwa ndani ya foleni. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio la magari 22 kwenye njia ya duara yenye mzingo wa mita 230. Madereva waliambiwa waende kwa mwendo wa kawaida, kama kilomita 30 kwa saa. Hakukuwa na taa, tuta, trafiki wala ng'ombe. Baada ya muda mfupi foleni ilizaliwa yenyewe: mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, wa nyuma yake akasimama kabisa, na wimbi la kusimama likawa linarudi nyuma kwenye duara. Ndiyo maana wakati mwingine unakaa foleni nusu saa, kisha unafika mbele usikute ajali wala gari bovu. Dereva aliyeacha nafasi hulimeza wimbi hilo. Gari la mbele likipunguza, yeye anatoa tu mguu kwenye mafuta, na wa nyuma yake hahitaji kukanyaga breki. Huwezi kuifuta foleni ya Barabara ya Mandela peke yako, lakini unaweza kuacha kuichochea. Klachi na breki zako pia zitadumu, na hilo fundi wako hatalifurahia.

Na usihamehame njia. Ile njia ya pili inayoonekana kwenda kasi kila siku, mara nyingi haiendi kasi. Donald Redelmeier, daktari wa Toronto, na mtakwimu Robert Tibshirani waliichunguza dhana hiyo na kuandika juu yake mwaka 1999 katika jarida la Nature. Unapoyapita magari ya njia ya pili, yamebanana, kwa hiyo unapita mengi kwa mpigo na tendo linaisha upesi. Yanapokupita wewe, yameachana, yanapita moja moja na kukuchukulia muda mrefu. Halafu uliyoyapita yamebaki nyuma huyaoni tena, ila yaliyokupita yako mbele yako, unayatazama yakiondoka. Njia mbili zinaweza kwenda sawasawa kabisa na kila aliye ndani akaapa kwamba yake ndiyo mbovu.

Pale njia mbili zinapokutana kuwa moja, fuata desturi ya mmoja mmoja: mruhusu mmoja, kisha nenda wewe. Wawili si lazima. Ukimruhusu kila mtu, walio nyuma yako nao wanaumia.

Honi, taa na mkono

Honi ni ya kuonya. Mtoto anataka kuvuka bila kutazama, gari linarudi nyuma halijakuona: piga, fupi. Honi ndefu ya hasira haisogezi foleni hata kwa inchi, na haikupunguzii hasira kama unavyodhani. Mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alilipima hilo katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002. Aliwaudhi wanafunzi, kisha baadhi yao wakapewa gunia la kupigia ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa kimya tu. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira zaidi. Kwa hiyo ule ushauri wa "toa yote moyoni, utajisikia nafuu" usiuchukue garini, na matusi yako ndani ya vioo vilivyofungwa nayo ni gunia. Ukiwa na watoto kiti cha nyuma, wanayahifadhi yote.

Taa ni mtihani. Kwetu kuwashiwa taa kunaweza kuwa "pita, nimekuruhusu", kunaweza kuwa "nakuja, usithubutu", na huko barabara kuu kunaweza kuwa habari kwamba trafiki wapo mbele na tochi yao. Ukiwashiwa, usikasirike na usiingie mpaka uone gari lenyewe limepunguza mwendo.

Mkono ndio chombo kilichosahauliwa. Inua kiganja, kionekane wazi. Umeruhusiwa, inua. Umekosea, inua mapema, kabla mwenzako hajapata muda wa kuchagua tusi. Ni vigumu mno kumfuata na kumgombeza mtu aliyekwisha kukuomba radhi kwa kiganja.

Hasira ikishafika

Kuna siku haya yote hayatatosha. Adrenalini imeshamwagika, moyo unadunda, vidole vimeukaba usukani. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, na wewe umefungwa mkanda. Hatari kubwa hapo si kumtukana mtu. Ni macho: yanamng'ang'ania aliyekuudhi na kuacha kuona vingine, na bodaboda anayekuja kushoto kwako hayumo kabisa kwenye picha.

Toa mguu kwenye mafuta kwanza. Legeza vidole, kimoja kimoja ikibidi. Shusha mabega. Vuta pumzi ya kawaida kwa pua, kisha itoe taratibu, ndefu kuliko uliyoivuta, na urudie mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Jerry Deffenbacher, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Colorado State, alifanya kazi kwa miaka mingi na madereva wenye hasira kali, akiwafundisha mambo mawili hayahaya: kuulegeza mwili na kubadili mawazo wanayojipa. Hasira zao zilipungua. Kisha mwache aliyekuudhi aende. Panga magari mawili matatu kati yako na yeye, asiwe tena mbele ya macho yako.

Akikufuata, usiende nyumbani. Funga milango, pandisha vioo, elekea kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu na mwanga. Akishuka na kuja dirishani, usishuke. Ongea kupitia upenyo mdogo wa kioo, kwa sauti ya chini, na mwite kwa heshima inayostahili umri wake: kaka, mama, mzee wangu. "Samahani mzee wangu, sikukuona" inamaliza ugomvi ambao "wewe unajua mimi nani?" ingeufikisha kituoni, hata kama unaamini kosa ni lake.

Mkigusana, neno la kwanza ni "pole, umeumia?" Bima na rangi vina muda wake. Simama, sheria inakutaka usimame. Kama hakuna aliyeumia, piga picha za magari yote na namba zake, kubalianeni kuyasogeza pembeni, ndipo mzungumze kama mtamalizana au mtamwita trafiki. Ikiwa ni pikipiki, vijana wenzake watafika kabla ya mtu mwingine yeyote, na watakuja wakiwa wamekwisha kuamua nani mkosaji. Wasikukute ukimfokea aliye chini. Wakikukuta umeinama ukimuuliza mguu unamuuma wapi, mazungumzo yatakuwa mengine.

Ukitoka nje ya mji

Barabara kuu ina hasira ya aina nyingine, ya polepole. Uko nyuma ya lori linalokwenda Tunduma, limebeba kontena, linapanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na nyuma ya hilo kuna mengine manne. Kwenye mlima kama ule hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri, basi subiri ukiwa umeketi vizuri. Wengi hutegemea indiketa ya lori la mbele kuwaambia kama njia ni nyeupe. Ichukue kama maoni tu. Anayeitoa haoni gari lako lina nguvu kiasi gani.

Hesabu ya kuovateki inatisha ukiiweka kwenye karatasi. Wewe uko kwenye kilomita 100 kwa saa, anayekuja naye 100: kila sekunde mnakaribiana kwa karibu mita 56. Ukitumia sekunde nane kulipita lori, zimeliwa karibu mita 450 za barabara. Na faida? Mwendo wa 100 badala ya 80, kwa kilomita 100 nzima, ukipewa barabara tupu, unakuokolea dakika 15. Chalinze hapo utazimaliza kwenye mishikaki.

Abiria nao wana sehemu yao. Kwenye basi huwa wapo wanaopiga kelele "kanyaga twende!" na dereva akanyage kweli. Sauti moja tulivu kutoka kiti cha katikati, "dereva, baba, tupunguze kidogo, tuna watoto humu," mara nyingi huwafungua midomo wengine waliokuwa wakiogopa kimya kimya. Ukiwa umeketi kushoto na mwenzako ndiye anayeendesha kwa hasira, usimhutubie wakati ule. Muulize kitu kingine, au omba msimame mnunue maji. Hotuba itoe mkishafika.

Anayebaki ni aliye nyuma yako. Umeacha nafasi, umemruhusu mmoja aingie, na yeye anapiga honi mfululizo na kukuwashia taa kubwa kwenye kioo. Huyu ndiye atakayekurudisha kwenye kubana, zaidi hata ya anayechomekea, kwa sababu anakuaibisha. Usikanyage breki kumkomoa, na usiongeze mwendo kumridhisha. Geuza kioo cha ndani usiku ili taa zake zisikuumize, washa indiketa ya kushoto mapema, na penye nafasi salama mpishe.